Bi Madoa na Orodha ya Anaweza

"Doa nisilolijua mimi bado halijadondoka."

Haya aliyasema Bi Madoa mbele ya watu arobaini na ushee, mchana kweupe, kwenye jukwaa la kupakulia mizigo la kiwanda cha udobi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umekishika kitambaa cha meza kama mtu aliyemkamata mwizi kwa ukosi. Meneja wa hoteli alikuwa amekuja mwenyewe, na tai yake, kulalamika kwamba vitambaa vyake kumi na viwili vimefuliwa mara mbili na bado vina doa la kijani. Msimamizi wa wakati huo, kijana mwenye stashahada ya kemia na kalamu tatu mfukoni, alikuwa ameshakisia nyasi, dawa ya mswaki na ukungu. Bi Madoa alikinusa kitambaa, akakikwangua kwa ukucha, akacheka kwa pua.

"Nta hii," akasema. "Mshumaa wa rangi. Mlikuwa na wageni gani hao wanaokula gizani?"

Meneja akakiri: ndiyo, wakurugenzi fulani, chakula cha jioni, mishumaa. Bi Madoa akaomba gazeti la jana, pasi ya moto na kifuniko kimoja cha spiriti. Robo saa haikufika, kijani kikaenda zake, naye akawageukia watu na kujipigia tarumbeta ile. Watu wakashangilia. Msimamizi akafungua kitabu chake akaandika: nta.

Wapo watu wakijisifu hivyo unakaa pembeni kusubiri waanguke ucheke. Kwa Bi Madoa ungesubiri mpaka mvi. Alikuwa anajisifu, lakini alikuwa anasema kweli, na mtu wa namna hiyo anaudhi kuliko muongo.

Aliingia kiwandani akiwa na miaka thelathini na mitano, mwaka aliofiwa na mumewe. Marehemu alikuwa seremala. Alimwachia mkewe binti wa miaka mitano, mama mkwe mwenye presha, na kabati moja zuri mno, alilolitengenezea ndani ya nyumba, lisiloweza kupita mlangoni. Wenye nyumba wakipandisha kodi, wengine huhama. Bi Madoa alilitazama kabati, akalipa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kugeuza foronya za hospitali. Ya pili, ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu ya mvuke unaochoma macho, ilikuwa chumba cha madoa. Ni chumba kirefu chenye matangi manne ya chuma, dirisha moja lililokataa kufunguka, na rafu ya chupa zisizo na maandishi ambazo yeye alizijua kwa harufu. Wiki ya kwanza alimwagia maji ya moto shuka lenye damu. Damu ikaiva, ikang'ang'ania pale milele. Msimamizi wa enzi hizo, mzee asiye na mzaha, akalitundika shuka lile ukutani mwezi mzima, kila mtu alione. Bi Madoa hakulia. Alilisoma lile shuka kama wengine wanavyosoma kitabu, na tangu siku hiyo hakukosea jambo moja mara mbili.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa kibarua. Maana yake ni kwamba kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alipanga foleni dirishani, akasaini daftari, akaajiriwa. Jioni akaachishwa bila kuambiwa. Kesho yake akaajiriwa tena. Ukipiga hesabu, sidhani kama yuko mtu mwingine duniani aliyewahi kuajiriwa mara nyingi kama yeye. Siku aliyougua, hakuwepo duniani. Wasimamizi watano wa chumba cha madoa walipita juu ya kichwa chake, wote na vyeti vyao, wote akawafundisha yeye. Walikuja na karatasi, wakaondoka na ujuzi, wakamwachia asante.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kampuni ilikuwa na kanuni: mtu akishatimiza hamsini hapewi mkataba wake wa kwanza wa kudumu. Kanuni hiyo ilibandikwa karibu na choo, ili kila mtu apate nafasi ya kuitafakari. Bi Madoa alibakiwa na miezi mitatu. Mkataba kwake haukuwa sifa. Mkataba ulikuwa kadi ya bima ya dawa za mama mkwe, malipo ya siku za ugonjwa, na kiinua mgongo cha kumwezesha siku moja akae chini kama mtu. Miezi mitatu, basi. Baada ya hapo angeendelea kusaini daftari mpaka siku mkono utakapokataa.

Ndipo akaja Bwana Vipaji.

Cheo chake halisi kilikuwa Mkuu wa Idara ya Rasilimali Watu, lakini jina la Bwana Vipaji alilipata siku ya kwanza, kabla ya saa nne, kwa kulitamka neno hilo mara nyingi kuliko salamu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minane, suti ya buluu inayombana mapajani, viatu vyenye ncha ya kumchoma mtu. Alikuwa amehudhuria semina nyingi kiasi kwamba mtu aliyesimama naye kwenye lifti alitoka na kichwa kinamuuma. Aliwakusanya wafanyakazi kwenye jukwaa la mizigo, akapanda juu ya kreti la sabuni, akanyoosha mikono.

"Timu! Kuanzia leo, vyeti vimekufa!"

Watu wakapiga makofi mpaka njiwa wakaruka paani. Wengi wao hawakuwa na hata kimoja cha kuzika.

"Hatutauliza ulisoma wapi. Tutauliza unaweza nini! Huu ndio Mkakati wa Vipaji. Ajira kwa ujuzi! Na nafasi ya kwanza ni Msimamizi wa Chumba cha Madoa. Ajira ya kudumu. Mlango uko wazi kwa kila mtu, hata kibarua!"

Fundi wa boila, jamaa mrefu mwenye masizi hadi kwenye kope, alimgonga Bi Madoa kwa kiwiko.

"Dada, huyu kakutaja bila kukutaja."

"Acha mdomo, kaka."

"Naacha. Ila ukishakuwa bosi usije ukaanza kuninusa na mimi."

Bi Madoa alitabasamu, jambo ambalo hakulifanya ovyo kazini. Jioni alimwambia binti yake, na binti, ambaye sasa alikuwa chuoni na kujiona mwerevu, akasema, "Mama, mtihani wa kutoa madoa? Wewe? Wengine wote wabaki nyumbani wasipoteze nauli." Mama mkwe, aliyekuwa na tabia ya kusikia anachotaka tu, akauliza kadi ya bima itafika lini.

Palikuwa na tatizo dogo. Bwana Vipaji alitaka kupima ujuzi, lakini hakujua ujuzi wenyewe ni upi. Maishani mwake alikuwa hajatoa doa lolote. Mashati yake yalikwenda machafu na kurudi masafi, na hapo katikati hakuwahi kupachungulia. Basi akamwita Bi Madoa ofisini, alasiri tatu mfululizo, amweleze kila kitu ili atengeneze kile alichokiita Orodha ya Ujuzi, ambayo ndiyo ingezaa mtihani.

Tafadhali usilipite hili haraka. Mtu aliyetaka kufanya mtihani ndiye aliyeombwa autunge, bure, kwa kikombe cha chai isiyo na maziwa. Naye akaona ni heshima.

Alimpa vyote. Damu, maji baridi na chumvi. Kutu, ndimu. Wino wa kalamu, spiriti, ukianzia pembeni kwenda katikati ili doa lisitanuke. Mafuta ya mashine, unga kwanza, sabuni baadaye. Bwana Vipaji alipiga chapa kwa vidole viwili, akinung'unika kwa furaha. Kila mstari wake ulianza na neno moja: Anaweza. Anaweza kutambua doa la damu. Anaweza kuondoa kutu.

Alasiri ya tatu wakafika kwenye jambo ambalo Bi Madoa alilihifadhi la mwisho kwa sababu ndilo kubwa.

"Sasa hili uliandike kwa herufi kubwa, bosi. Mashuka ya kijani, yale ya chumba cha upasuaji. Hayo usitie klorini. Kamwe."

"Kwa nini?"

"Kuna dawa wanayompaka mgonjwa kabla ya kisu, ya kuua vijidudu. Inabaki kwenye kitambaa, huioni. Ikikutana na klorini inageuka hudhurungi, na ukishaiona hudhurungi hiyo umekwisha. Haitoki kwa sabuni, haitoki kwa maombi."

Bwana Vipaji aliacha kupiga chapa. Alikunja uso kama mtu aliyepewa noti iliyochanika.

"Sawa mama yangu, lakini hilo silo ujuzi."

"Silo nini?"

"Ujuzi ni kitu unachokifanya. Wewe unanieleza kitu usichokifanya. Mfumo wetu unapokea Anaweza. Huu wako ni Usifanye. Unaona? Ni lugha hasi. Inaua morali."

"Bosi, mimi sijui morali. Najua mashuka. Nusu ya kazi hii ni kujua mkono usiupeleke wapi."

"Nakuelewa sana," alisema Bwana Vipaji, maneno ambayo ofisini hutamkwa na mtu ambaye hajaelewa na hataki kuelewa. Akaitoa rasimu kwenye printa, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya namba thelathini na saba akaitia kwenye faili.

Wiki iliyofuata alikwenda chumba cha madoa kukagua mazingira. Juu ya tangi la nne palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu, aliyoyaandika Bi Madoa miaka tisa nyuma akiwa amesimama juu ya ndoo: MASHUKA YA UPASUAJI, KLORINI HAPANA. Bwana Vipaji akayatazama, akatikisa kichwa kwa huruma, akamwita mpaka rangi. Siku mbili baadaye ukuta ulikuwa mweupe, na juu yake neno moja la buluu lenye urefu wa mkono: NAWEZA!

Fundi wa boila alisimama mlangoni akalisoma kwa sauti.

"Naweza nini?"

"Naweza kunyamaza," alisema Bi Madoa. "Siku kumi zimebaki nifanye mtihani. Usinichokoze."

Mtihani ulifanyika chumba cha mikutano, ghorofani, ambako vibarua huenda wanapotumwa kubeba viti. Waombaji walikuwa saba. Palikuwa na zulia, kiyoyozi kilichowekwa baridi ya kuhifadhia nyama, na mbele ya kila mtu tableti moja inayong'aa. Bi Madoa alikuwa amevaa gauni lake la kitenge na kubeba begi lenye chupa zake nne na mswaki wa zamani wa kusugulia. Akachungulia huku, akachungulia kule.

"Mashuka yako wapi?"

"Mashuka ya nini, mama yangu?" aliuliza Bwana Vipaji.

"Ya mtihani."

Kijana mmoja akacheka. Bwana Vipaji akaeleza kwa upole kwamba siku hizi ujuzi unapimwa kidijitali, kwa haki, bila upendeleo. Akamwomba begi alisogeze mbali na zulia.

Swali la kwanza lilisema: Umekuta doa la damu kwenye shuka. Hatua yako ya kwanza ni ipi? Majibu: kuwashirikisha wadau, kutathmini chanzo cha doa, maji baridi, kuandika taarifa ya tukio. Bi Madoa akabonyeza maji baridi. Tableti haikufanya kitu. Akabonyeza tena. Kimya. Akaibonyeza kwa nguvu kama anavyobonyeza doa la masizi, na bado kioo kikamtazama tu.

Vidole vyake vilikuwa vimekwisha. Miaka kumi na minne ya magadi, spiriti na klorini ilikuwa imevilamba ncha zote zikabaki ngumu na kavu kama kwato, na tableti, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ngozi, haikumhisi. Mtihani wa mikono ulikataa mikono yake. Akajaribu kwa kifundo cha kidole, ikakubali mara moja katika tatu. Dakika zikaenda. Arobaini zilipotimia alikuwa amejibu maswali ishirini na sita kati ya arobaini, na mojawapo lilimtaka apange maadili ya kampuni kuanzia lililo karibu zaidi na moyo wake.

Alipata thelathini na nane kwa mia. Aliyeongoza alipata tisini na tatu.

Huyo alikuwa yule kijana aliyecheka. Watu walimwita Beji, kwa sababu vyeti vilikuwa vimekufa kweli lakini viliacha mtoto, na mtoto huyo aliitwa beji ya mtandaoni. Kijana alikuwa nazo kumi na moja. Unatazama video saa mbili, unajibu maswali matano, kompyuta inakutumia nyota yenye jina lako. Alikuwa na nyota ya Uongozi, nyota ya Ubunifu, na nyota ya Kusimamia Mabadiliko. Nguo zake alifuliwa na shangazi yake.

Bi Madoa alikwenda kuuliza. Aliuliza kwa adabu, amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti.

"Bosi, swali la damu nimekosa nini? Nimesema maji baridi."

Bwana Vipaji akatazama skrini. "Jibu sahihi lilikuwa kutathmini chanzo cha doa."

"Chanzo cha damu ni mtu. Nikamtathmini wapi, mochwari?"

"Mama yangu, usilichukulie kibinafsi. Mtihani unapima namna ya kufikiri."

"Na maswali si niliyatoa mimi?"

"Uliyachangia," alisema Bwana Vipaji. "Mtaalamu akayaboresha."

Barua ilifika baada ya siku tatu. Binti aliisoma kwa sauti, amekaa kitandani, mama yake anakatakata vitunguu. Kampuni ilimshukuru kwa ari yake. Kampuni ilimfahamisha kwamba hakuchaguliwa kwa sasa, ila jina lake limewekwa kwenye Hifadhi ya Vipaji.

"Hifadhi gani?" aliuliza mama mkwe. "Ya wanyama?"

"Ndiyo hiyo hiyo, bibi. Mama sasa ni swala. Watu watalipa kiingilio kumpiga picha."

Bi Madoa aliendelea kukata vitunguu. Vilikwisha, akaendelea kukata ubao.

Kesho yake alisaini daftari kama kawaida, na alipofika chumba cha madoa akamkuta Beji amesimama katikati na tableti mkononi, akimsubiri. Bwana Vipaji naye alikuwepo, anatabasamu.

"Tunaomba umhamishie maarifa," alisema. "Wiki moja tu. Wewe ni hazina yetu."

Bi Madoa aliwatazama wote wawili. Kisha akamgeukia kijana peke yake, kwa sababu kijana hakumkosea kitu zaidi ya kucheka.

"Mwanangu, nisikilize, nitakwambia moja tu. Mashuka ya kijani ya upasuaji. Klorini hapana. Umesikia?"

"Nimesikia, mama." Akaitazama tableti yake, akashusha kwa kidole, akapandisha. "Ila humu kwenye Orodha haimo."

"Najua haimo."

Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya rafu. Kibarua hana haja ya kuandika barua ya kujiuzulu. Kesho yake hakusaini, ikawa imekwisha.

Wiki tano zikapita. Katikati yake Bi Madoa akatimiza hamsini. Binti alimnunulia mafuta ya mikono, mama mkwe akamwombea dua ndefu iliyomalizikia kwenye dawa za presha. Alikuwa ameanza kufulia nyumbani. Hoteli mbili ndogo zilimletea vitambaa vya meza kwa siri, kwa sababu meneja mwenye tai hakuwa mjinga.

Siku ya tisa baada ya hamsini, gari la kampuni likasimama nje, lile la wakubwa. Dereva akasema tu, "Mama, panda. Huko hakukaliki."

Jukwaa la mizigo lilikuwa limetandikwa mashuka. Mia nne na kumi na mawili, Bi Madoa aliambiwa baadaye, ya hospitali, ya kijani, na kila moja lilikuwa na mabaka ya hudhurungi kama ngozi ya ndizi iliyosahauliwa. Hospitali ilikuwa imeyarudisha. Tableti ilionyesha: doa la manjano hafifu, klorini nusu lita. Beji akatia nusu lita. Yakageuka hudhurungi. Tableti, ilipoulizwa tena, ikasema doa la hudhurungi, klorini lita moja. Beji akatia lita moja. Alikuwa mtiifu sana, yule kijana.

Mzee mwenye kiwanda alikuwa amesimama pale, tumbo mbele, kofia mkononi, na karibu naye Bwana Vipaji, ambaye suti yake siku hiyo ilionekana kumpwaya.

"Mama, yatoe," alisema mzee.

Bi Madoa aliinama akashika shuka moja, akalinusa, akaliachia.

"Hayatoki."

"Jaribu."

"Mzee, mimi sijaribu. Najua. Hayatoki."

"Tumegundua pengo la ujuzi," Bwana Vipaji alianza, akimgeukia mzee. "Kwa bahati mbaya wakati wa kukusanya taarifa, mhusika hakutuambia—"

"Aliniambia," alisema Beji.

Wote wakamtazama. Kijana alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu, sijui kwa mvuke au kwa kingine.

"Siku ya kwanza aliniambia. Mimi nikatafuta kwenye mfumo, sikuona, nikadhani ni mambo ya wazee."

"Na wewe je?" mzee alimuuliza Bwana Vipaji. "Wewe alikwambia?"

"Siwezi kukumbuka kila—"

"Namba thelathini na saba," alisema Bi Madoa. "Kalamu nyekundu. Uliitia kwenye faili."

Watu wa aina ya Bwana Vipaji hawatupi karatasi. Wanaziita ushahidi wa mchakato. Faili likaletwa. Mzee akavaa miwani, akasoma mstari ule uliokatwa, midomo ikitembea. Akausoma mara ya pili. Fundi wa boila, ambaye hakuwa na kazi yoyote pale, alikuwa amesogea karibu kabisa ili asikose neno.

"Kwa nini ulikata?"

"Haukuanza na Anaweza," alisema Bwana Vipaji kwa sauti ndogo.

Mzee akakunja miwani. "Mpe huyu mama kazi. Leo. Ya kudumu."

Hapo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, moyo wa Bi Madoa uliruka, na hakuupenda kwa kuruka. Bwana Vipaji akafungua kompyuta yake juu ya rundo la mashuka, akaandika jina, akaandika tarehe ya kuzaliwa, akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mfumo unakataa."

"Mfumo ni nani? Anakaa wapi?" mzee alifoka.

"Umri, mzee. Hamsini na siku tisa. Ni ile kanuni." Akamgeuzia mzee skrini. "Kanuni yako. Umeisaini mwenyewe."

Ungetegemea mwenye mali apasue kompyuta. Alichopasua ni kikohozi. Akatazama paa. Akatazama viatu vyake. Akasema kwamba kanuni ni kanuni, kwamba akimfungulia mmoja watakuja wote, kwamba kuna mambo ya bima, kwamba mama atamwelewa. Bi Madoa alimtazama akiyasema, akahisi kitu ndani yake kikitulia, kama maji ya tangi baada ya mashine kuzimwa.

"Tunaweza kukurudisha kama kibarua," alisema Bwana Vipaji, amepata uhai tena. "Kwa heshima zote. Na tutakupa cheti cha kutambua ujuzi wako. Kikubwa, chenye fremu."

Fundi wa boila aliangua kicheko kikubwa mpaka akashika ukuta.

"Cheti!" alisema akifuta machozi na masizi. "Jamani, si kilikufa hicho?"

"Mama yangu, angalau ushauri basi," Bwana Vipaji alimsihi. "Tufanyeje na mashuka haya?"

"Ushauri nilikupa alasiri tatu," alisema Bi Madoa. "Chai yenyewe haikuwa na maziwa. Haya yakateni matambara."

Akashuka jukwaani kwa ngazi ya pembeni, taratibu, kwa sababu goti lilimsumbua. Dereva akauliza amrudishe. Akasema atatembea.

Beji alifukuzwa siku hiyo hiyo. Akaondoka na nyota zake kumi na moja na mbili za ziada alizozipata akiwa pale. Bwana Vipaji hakufukuzwa. Aliandika ripoti ya kurasa ishirini na mbili, yenye michoro, iliyoliita tukio zima fursa ya kujifunza, na wakurugenzi wakampigia makofi.

Mwezi uliofuata fundi wa boila alipita nyumbani kwa Bi Madoa jioni, akamkuta ananyoosha kitambaa cha meza huku binti anashika ncha ya pili. Alikuwa amepiga picha tangazo lililobandikwa getini. Akavuta kiti, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Nafasi ya kazi. Msimamizi wa Chumba cha Madoa, ajira ya kudumu. Hatuangalii vyeti, tunaangalia ujuzi. Umri usizidi thelathini na mitano. Awe na beji zisizopungua tano."

"Endelea," alisema Bi Madoa.

"Waombaji wote watafanya mtihani wa ujuzi kwa tableti. Fomu zinapatikana kwa mlinzi."

"Bure?" aliuliza binti.

"Elfu kumi na tano. Hairudishwi."